Kwenda kutibiwa India: ya kumaliza kabla ya kupanda ndege, na ya kuuliza kabla ya kurudi

Kabla hujauza kiwanja, hakikisha tiba unayoifuata haipo nyumbani. Upasuaji wa moyo unafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na Muhimbili inapandikiza figo tangu 2017. Muulize daktari bingwa swali moja tu: "Huko nitapata kitu gani ambacho hapa hakipo?" Akikujibu kwa jina la upasuaji, mashine au dawa, una sababu ya kusafiri. Akikujibu "huko ni wazuri zaidi", nenda kwa bingwa mwingine kwanza.

Ukishaamua, kusanya karatasi. Omba picha za CT na MRI zenyewe kwenye CD au flashi, kwa sababu karatasi ya majibu peke yake haimtoshi mpasuaji. Kwa saratani, omba maabara ikupe vile vioo vya darubini vyenye sampuli yako, pamoja na kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta. Usipokuwa navyo, watakutoboa upya na kukutoza upya. Orodhesha dawa unazotumia kwa majina ya kitaalamu pamoja na miligramu, maana jina la kibiashara la Kariakoo huenda halijulikani Chennai.

Tuma mafaili hayo kwa hospitali mbili au tatu wewe mwenyewe. Dalali anayekutafutia hospitali mara nyingi hulipwa kamisheni na hospitali hiyohiyo, kwa hiyo ushauri wake usikilize ukijua hilo. Hospitali ikisema ina ithibati ya JCI (ya kimataifa) au NABH (ya India), taasisi zinazokagua ubora wa hospitali, itafute kwenye orodha zao, usiishie kwenye nembo iliyobandikwa kwenye tovuti yake.

Makadirio ya gharama yasome mstari kwa mstari. Yanahusu siku ngapi wodini, na ngapi chumba cha mahututi? Vali ya moyo, skrubu au kiungo bandia kimo, na ni cha aina gani? Damu je? Siku zikizidi, kila siku ni kiasi gani? Bili hupasuka hapo hasa: upasuaji ulikwenda vizuri, lakini mgonjwa akapata homa na kulala mahututi siku nne zaidi. Kwa upasuaji mkubwa, theluthi moja juu ya makadirio ndiyo akiba ya busara. Malipo yaende kwenye akaunti yenye jina la hospitali, kamwe yasiende kwa mtu binafsi. Ukibeba noti zinazozidi dola 5,000, zitamke forodhani unapoingia India.

Viza iwe ya matibabu, si ya utalii. Ile ya mtandaoni inahitaji barua ya hospitali, inakupa siku 60 tangu siku ya kwanza kuingia, na wasindikizaji wawili wanaweza kuombewa viza kupitia yako. Iombe kwenye tovuti ya serikali inayoishia gov.in, maana zipo zinazofanana nayo zinazotoza mara mbili tatu. Jina kwenye barua, pasi na tiketi liwe moja, herufi kwa herufi. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo, au aliyepitia huko, abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano iliyochomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Bila kadi, unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na tarehe ya upasuaji ikupite.

Kupandikiza figo kuna mlango wake. Sheria ya India ya 1994 inakataza biashara ya viungo, na mgeni anatakiwa aje na mtoaji wake, kwa kawaida ndugu wa damu au mwenzi wa ndoa. Ubalozi wa nchi yenu lazima uthibitishe undugu huo kwa maandishi, kisha kamati ya idhini iwahoji wote wawili. Vyeti vya kuzaliwa vyenye majina yasiyolingana hukwamisha watu kwa wiki nyingi, kwa hiyo rekebisheni nyumbani. Mtu akikuahidi "figo ya huko huko", anakuingiza kwenye jinai.

Dawa zako ziache kwenye paketi zake, ziwe kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari. Insulini ikiwekwa kwenye mzigo wa chini inaweza kuganda, na iliyowahi kuganda hutupwa hata kama imeyeyuka. Kuwa makini na dawa kali za maumivu na za kutuliza, kama tramadol, kodeini, mofini na diazepam: nchi za Ghuba zinazidhibiti vikali, na safari nyingi hupitia Dubai au Doha. Ulizia masharti ya nchi unayopitia, si ya unakokwenda tu.

Kurudi ndiko watu wanakofanya haraka, kwa sababu hela zimeisha. Baada ya kupasuliwa kifua, subiri angalau siku 10 kabla ya kuruka. Plasta mpya ya mfupa ipewe saa 48 kwa safari ndefu, kwa kuwa mguu huvimba angani na plasta hainyumbuki. Kali kuliko yote ni gesi inayowekwa ndani ya jicho kutibu retina, utando wa nyuma ya jicho: ndege ikipaa, shinikizo la hewa hupungua, gesi inatanuka, na jicho linaweza kupofuka. Usipande mpaka daktari wa macho aseme gesi imekwisha, hata kama ni wiki kadhaa. Usipange tiketi ya kurudi isiyobadilishika. Shirika la ndege lina fomu ya kitabibu ambayo daktari huijaza kabla ya safari, iombe mapema.

Kabla ya kutoka wodini, chukua muhtasari wa matibabu uliosainiwa, CD za picha mpya, na kadi ya kifaa chochote kilichowekwa mwilini. Kisha kaa na daktari mpitie dawa moja moja: hii ipo nyumbani? Ikikosekana, mbadala wake upi? Nunua kwenye duka la dawa la hospitali, risiti ionyeshe namba ya bechi. Anayetumia dawa za kulinda figo mpya asibadilishiwe chapa bila kupimwa damu. Mwenye vali ya chuma ya moyo anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, awe ameshapanga kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inaganda kwa kasi gani, ndani ya wiki ya kwanza, na ajue ni maabara ipi.

Ukifika, nenda kwa daktari wako kabla hujaanza kupokea wageni. Mwambie wazi kwamba ulilazwa India: hospitalini huko kuna vijidudu sugu ambavyo antibayotiki za kawaida haziviui, na kidonda kikianza kutoa usaha, apeleke sampuli maabara kwanza ndipo akuandikie dawa.