Kutazama ndege kwenye njia za mashamba, Amani

Njia ninayoizungumzia ni ya miguu tu, inapita kwenye iliki na karafuu kando ya msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Hatua hizi zinafaa njia yoyote ya shamba.

1. Wahi. Saa 12 na nusu asubuhi uwe umeshafika njiani. Jua likishapanda, ndege wengi hunyamaza. Jezi nyekundu iache nyumbani. Chomeka suruali ndani ya soksi, maana siafu wa huku hawana utani.

2. Weka darubini sawa kabla hujaondoka. Inayotosha ni ya 8x42: hukuza mara 8, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Inayokuza mara 12 inavutia dukani, lakini mkono ukitetemeka kidogo tu, ndege anacheza. Fumba jicho la kulia, tazama jani kwa la kushoto huku ukizungusha gurudumu la katikati hadi mishipa ya jani ionekane. Kisha fumba la kushoto, uzungushe pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia hadi jani lile lile lionekane vizuri. Ukimwona ndege, usishushe macho kutafuta darubini kifuani. Mkazie macho hapo hapo, darubini ndiyo ije usoni.

3. Simama. Hapa ndipo wengi hushindwa. Wanatembea kama wanawahi basi. Tafuta mti wenye matunda, ukae chini yake dakika kumi na zaidi. Hondohondo utamsikia kabla hujamwona, mabawa yake yanavuma. Mara nyingi huwa anafuata matunda ya Maesopsis, mti wa kuletwa ambao umeenea sana msituni humu, na yeye mwenyewe ni mmoja wa wanaousambaza kwa kubeba mbegu.

4. Wajue wa kawaida kwanza. Shore mwenye njano chini ya mkia awe kipimo chako: huyu mpya ni mkubwa kuliko shore, au mdogo? Halafu kuna mlamba. Mweusi, hukaa tawi la wazi, huruka kunasa mdudu na kurudi pale pale. Tatizo ni kwamba yupo mla-nzi mweusi anayefanana naye, na huenda wakawa shamba moja. Tazama mkia na jicho: mlamba mkia umegawanyika panda na jicho ni jekundu, mwenzake mkia umekatika karibu sawa, jicho la kahawia iliyokolea.

5. Andika papo hapo. Ukubwa, mdomo, mkia, alikuwa wapi, anafanya nini. Jina baadaye. Programu za simu za kutambua sauti zinasaidia kukisia tu.

6. Salimia watu. Unapita shambani kwa mtu. Ukishaamkia wazee, waulize mti gani unazaa sasa. Wanajua kuliko kitabu. Usipige rekodi za sauti karibu na kiota.

Wageni wengi huja Amani kwa ajili ya Artisornis moreaui, kadege ka kijivu kenye mdomo mrefu, kanakopatikana huku na kaskazini mwa Msumbiji tu. Jina limetokana na Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani. Kadege haka hujificha kwenye mitambaazi pembezoni mwa msitu, na mtu wa siku ya kwanza simpeleki huko. Ukimtaka, panga siku nyingine, lipia kibali cha hifadhi, chukua mwongoza wageni wa hapo, na usitegemee kuona kingine siku hiyo.