Jinsi ya kutumia neno "Kivictoria" bila kumpotosha msomaji

Victoria alikuwa malkia wa Uingereza kuanzia Juni 1837 hadi alipofariki Januari 1901. Kwa Kiingereza, kivumishi kilichotokana na jina lake, Victorian, kimebeba mambo matatu: muda, mtindo na maadili. Mfasiri asianze kuandika kabla hajajua ni lipi kati ya hayo linalosemwa.

Kama ni muda tu, achana na Ki-. Andika "enzi za Malkia Victoria", na ukiweza weka mwaka wenyewe. Ndivyo tulivyozoea: tunasema enzi za Seyyid Said, hatusemi "miaka ya Kisaidi". Ki- ya mfanano huonyesha namna, kama katika kifalme au kitoto. Ukiandika "reli ya Kivictoria", msomaji ataanza kuwazia sura ya reli, kumbe ulitaka kumwambia ilijengwa lini.

Kwenye mtindo ndipo neno lenyewe linapokaa vizuri. Litanguliwe na a-unganifu yenye upatanisho wa ngeli: nyumba ya Kivictoria, samani za Kivictoria, vazi la Kivictoria, Kiingereza cha Kivictoria. "Nyumba Kivictoria" ni kosa. "Nyumba ya Victorian" ni tafsiri iliyoachwa njiani. Bila a-unganifu neno hugeuka kielezi: "Amevaa Kivictoria." Hapo, mara ya kwanza, mpe msomaji kitu cha kuona: kiuno kilichobanwa, sketi pana inayofika chini. Herufi c ibaki kama ilivyo katika jina, na usichanganye "Kivictoria" na "Kiviktoria" katika andiko moja.

Maadili ndiyo yanayosumbua zaidi. Mwandishi wa Kiingereza akisema mtazamo wa mtu fulani ni wa Kivictoria, mara nyingi analaumu: anamaanisha ukali wa kupita kiasi, hasa katika mambo ya mapenzi na mwili. "Maadili ya Kivictoria" kwa Kiswahili haina lawama hiyo. Neno maadili kwetu ni sifa njema, kwa hiyo maana inapinduka. Sema wazi: "msimamo mkali wa kuona haya kuzungumzia mapenzi, kama wa Waingereza wa enzi za Victoria."

Kuna kosa moja la hapa Dar es Salaam ambalo hurudiwa mno, nalo ni kusema kwamba majengo makongwe ya katikati ya jiji ni ya Kivictoria. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902. Mwaka wa kuanza unaangukia ndani ya enzi za Victoria, na hapo ndipo mtu anapoteleza. Lakini wakati huo jiji lilikuwa chini ya Wajerumani, na mtawala wao alikuwa Kaisari Wilhelm II. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, Victoria akiwa amefariki miaka 15 nyuma. Andika "jengo la enzi za Wajerumani". Mwaka peke yake hautoshi. Uliza pia nani alijenga.

Jina la mahali halihitaji Ki-. Ni samaki wa Ziwa Victoria, si "samaki wa Kivictoria". Na abiria anayeshuka kituo cha Victoria, Barabara ya Bagamoyo, hashuki "kituo cha Kivictoria".