SOMO: Kurekodi mawimbi yaliyotawanywa na ionosfea iliyopashwa joto, ukiwa Arusha au Moshi

Swali la namna ya kurekodi mawimbi haya ukiwa huku linarudi kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja. Ionosfea ni tabaka la juu la hewa lenye elektroni huru, linalorudisha mawimbi ya redio chini. Soma lote ndipo uulize.

Karibu na Tromsø, Norwei, kuna mtambo unaorusha mawimbi mafupi ya takribani 4 hadi 8 MHz kwenda juu. Elektroni za tabaka la F (sehemu ya juu ya ionosfea) zikipata joto, hutokea michirizi inayofuata mistari ya sumaku ya dunia, na mawimbi ya stesheni nyingine yakiigusa hutawanyika. Antena yako ya Njiro, Arusha, isahau: ni zaidi ya km 8,000 na ishara hiyo ni hafifu. Tunatumia vipokezi vya redio vya KiwiSDR vilivyo wazi kwa umma kwenye intaneti.

1. Chagua kipokezi cha kaskazini mwa Norwei, Uswidi au Finland. Hakikisha GPS yake imeshika, maana ndiyo inayoweka saa ya kipokezi sawa.

2. Tega RWM ya Moscow, stesheni ya kutangaza saa na masafa sahihi, 9.996 MHz. Takribani dakika 8 za kwanza za kila saa, na za kila nusu saa, hutoa wimbi tupu lisilo na mlio.

3. Weka hali ya IQ (rekodi ya chaneli mbili inayohifadhi wimbi lote), zima AGC (inayobadilisha ukubwa wa ishara yenyewe). Tega 9.995, si 9.996, ili mstari wa RWM kwenye picha ya masafa ukae kwenye 1 kHz. Ukiuweka katikati kabisa utachanganyika na mwiba wa sifuri, yaani mstari bandia wa kipokezi chenyewe.

4. Rekodi kwa programu ya kiwirecorder. IQ hula takribani MB 173 kwa saa, panga bando lako.

5. Usahihi wa masafa. Hapa ndipo rekodi nyingi huharibika. Kosa la 1 kwa milioni kwenye 10 MHz ni 10 Hz. Sasa piga hesabu ya Doppler (masafa kusogea kwa sababu ya mwendo): kitu kinachokuja kwako kwa mita 50 kwa sekunde hukupa 2 × 50 × 10,000,000 ÷ 300,000,000, yaani 3.3 Hz tu. Kosa la saa ya kipokezi linaweza kuwa mara tatu ya kile unachokitafuta! GPS ikipotea katikati, mstari hupinda polepole kwa joto la kifaa na mtu anashangilia "mwendo wa plazma" (gesi yenye elektroni huru ya huko juu). Dawa: usipime mstari uliotawanywa peke yake, pima tofauti kati yake na mstari wa moja kwa moja, yaani wa RWM iliyofika bila kugusa michirizi. Kosa la saa huisogeza yote miwili pamoja. Tahadhari ya pili: asubuhi na jioni ionosfea yenyewe hupanda na kushuka, na mstari wa moja kwa moja nao husogea. Ya tatu: aurora (mianga ya anga la kaskazini) hutawanya pia, tena bila kuombwa.

6. Fanya FFT (hesabu inayogawa rekodi kuwa masafa yake) ya nukta 131,072 kwa sampuli 12,000 kwa sekunde. Unapata hatua ya 0.09 Hz na dirisha la sekunde 11.

7. Linganisha na mtambo ukiwaka na kuzimwa. Mstari wa pili, pembeni mwa ule wa moja kwa moja, usiofuata mzunguko huo si wa kupashwa joto.

Muda wote ni UTC. Saa 3 usiku ya huku ni 18:00, si 03:00.

MASWALI

Mdau_Sakina: Mkuu, redio yangu ya kawaida ya mbao itafaa?
Jibu: Hatua ya 1.

Mdau_Sakina: Sijaona mstari wa pili. Somo lina kasoro.
Jibu: Umerekodi saa ngapi kwa UTC, GPS ilikuwa imeshika, na mtambo ulikuwa unawaka? Bila hayo matatu sina cha kusahihisha.

Kijana_Unga: HAARP ndiyo inaleta ukame?
Jibu: Hapana. Huo ni mtambo mwingine wa aina hii: uko Gakona, Alaska, ina kW 3,600, na mawimbi yake ya 2.7 hadi 10 MHz hayanyonywi na hewa ya chini ambako mvua hutengenezwa. Turudi Tromsø.

Dada_Kiborloni: Shikamoo mwalimu. Mstari ulikuwepo, ukafifia, na mtambo bado unawaka. Kwa nini?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Kwanza soma foF2 (masafa ya juu kabisa ambayo tabaka la F hurudisha wimbi lililopigwa wima) kwenye ionogramu ya Tromsø, yaani mchoro wa vipimo vya ionosfea. Jioni ikishuka chini ya masafa ya mtambo, wimbi linapenya na kwenda zake, michirizi haijengwi tena. Ikiwa foF2 iko juu, angalia masafa ya mtambo. Kule juu elektroni huzunguka mstari wa sumaku takribani mara milioni 1.35 kwa sekunde. Mtambo ukikaribia mara nne ya hapo, kama 5.4 MHz, michirizi hudhoofika sana. Sogeza pembeni kidogo, inarudi.

Dada_Kiborloni: Asante. Na kwa antena yangu mwenyewe hapa Moshi hakuna cha kuona?
Jibu: Kipo, ila cha asili. Moscow iko karibu kaskazini kabisa kwetu, na njia hiyo inakatiza ikweta ya sumaku juu ya Ethiopia. Baada ya jua kuzama michirizi hujitokeza yenyewe huko, na mstari mwembamba wa RWM hupanuka ukawa kama ukungu. Tumia 14.996 MHz, Machi–Aprili au Septemba–Oktoba. Antena ya daipoli ni waya mbili za m 4.75 zinazounganishwa katikati, zinyooshwe mashariki–magharibi. Zima chaja, taa za LED na inveta ya sola kwanza.

Mzee_Machame: Na kamba msifunge kwenye mgomba. Upepo ukija, antena inalala nao.