Kurudisha Task Manager ya zamani kwenye Windows 11

Toleo la 22H2 la Windows 11, lililotoka Septemba 2022, liliibadilisha sura Task Manager, dirisha la kuonyesha programu zinazoendeshwa na kuzifunga zikiganda: vichupo vilivyokuwa juu vilihamia kushoto vikawa alama. Kwenye mashine yenye memori ya kutosha hakuna tabu. Kwenye laptopu za mitumba za GB 4, kama zilivyo katika saiba nyingi za Nakuru na Kisumu, dirisha jipya ni zito, na huwa linahitajika wakati kivinjari kimeganda na mteja anasubiri fomu yake ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya.

Ile ya zamani haikuondolewa. Imo ndani ya Windows, kwa hiyo usipakue chochote.

Bonyeza Windows + R, andika winver ili uone toleo lako, kisha Enter. Ukiona 21H2, bado unayo ya zamani. Ukiona 22H2 au toleo la baadaye, funga Task Manager yoyote iliyo wazi, bonyeza tena Windows + R, uandike:

taskmgr -d

Acha nafasi moja kabla ya kistari. Kikifunguka kidirisha chenye majina ya programu pekee, bofya "More details" chini kushoto.

Wengi husema amri imekataa, na mara nyingi chanzo ni kimoja: Task Manager hukubali dirisha moja tu kwa wakati. Jipya likiwa wazi, hata limefichwa chini, utarudishiwa hilo hilo. Ctrl + Shift + Esc nayo bado italeta jipya.

Ndiyo maana inafaa kutengeneza njia ya mkato. Bofya kulia deskitopu, chagua New, kisha Shortcut, andika amri ile ile, ipe jina. Halafu bofya kulia ikoni yake, fungua Properties, weka kishale kwenye "Shortcut key" na ubonyeze T; Windows itajaza Ctrl + Alt yenyewe. Ikoni ibaki deskitopu au kwenye menyu ya Start, la sivyo vitufe havitaitika.

Usikubali fundi akubadilishie faili la Taskmgr.exe ndani ya System32, folda ya mfumo wa Windows, kwa lililotoka kwenye flashi. Flashi za saiba hubeba virusi, na faili hilo hupewa nguvu za msimamizi. Kama limeshabadilishwa, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika sfc /scannow, amri inayokagua faili za Windows na kurudisha zilizo halisi, uiache imalize bila kuzima mashine, kisha uiwashe upya.