Mfumo wa SACCOS, kipande kwa kipande

Kiongozi wa mradi wa programu akiniambia "mwezi huu tunamaliza databesi, mwezi ujao skrini", najua mteja wake atakaa miezi miwili bila kugusa kitu. Mimi kazi naikata kwa wima: kila kipande kipite kuanzia skrini hadi databesi, kitumike. Chukua mfumo wa SACCOS: kipande cha kwanza, keshia apokee akiba ya mwanachama, ihifadhiwe, risiti itoke. Basi. Mikopo bado, gawio bado, hata nembo haijawekwa. Lakini umeshapita kote hadi kwenye printa, na printa zina vituko vyake. Heri zikutese mapema kuliko siku ya uzinduzi.

Raundi zangu za kazi ni za wiki mbili. Scrum, utaratibu maarufu wa kutengeneza programu kwa raundi fupi, unaruhusu hadi mwezi, ila kwa mwezi mzima watu hujisahau. Kabla ya kuanza, kaa na anayeifanya kazi yenyewe, si mwenyekiti wa bodi peke yake, mkachague jambo moja au mawili. Halafu mwombe mfano wenye namba.

Mathalani mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Rejesho la kwanza ni 100,000 ya mkopo na 18,000 ya riba. Mwezi wa pili riba inashuka hadi 16,500. Sasa muulize ofisa mikopo: mwanachama akileta 150,000 badala ya 118,000, ile 32,000 ya ziada inakwenda wapi? Ikipunguza deni papo hapo, riba inayofuata ni 16,020. Ikingoja rejesho lijalo, inabaki 16,500. Jibu limo kwenye sera yao ya mikopo, programa asilibuni. Namba hizo zigeuzeni majaribio yanayojiendesha kila mnapogusa hesabu. (Wale 17 waliokutana Snowbird, Utah, Marekani, mwaka 2001 wakaandika Ilani ya Agile, ilani ya utengenezaji mwepesi wa programu, walitanguliza programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nyingi. Hawakusema msiandike kitu.)

Mwisho wa raundi, mwachie keshia kibodi na wewe unyamaze. Usimwelekeze. Anapositasita, andika. Anapovuta daftari lake kutazama kitu, andika kwa herufi kubwa, maana hicho mfumo haumpi. Kilichofika "asilimia 90" hakionyeshwi. Kinarudi kwenye orodha. Na raundi inayofuata itengee nafasi ya kurekebisha ulichokwisha kutoa, usijaze mambo mapya matupu.

Mwenyekiti atapiga simu katikati akitaka SMS za salio. Usimkatalie. Muulize tu kipi kitoke ili SMS ziingie, jibu aliandike.

Kuingiza mfumo kazini, anza na tawi moja, Excel yao ikiendelea sambamba. Mwezi ukifungwa, linganisheni salio la kila mwanachama, si jumla pekee: makosa mawili yanaweza kufutana, jumla ikatoka safi. Tofauti ikionekana, tawi la pili lisubiri.