Sema pale mapokezi, usingoje kuulizwa

Ukishikwa na homa na kikohozi ndani ya siku 14 baada ya kuwa karibu na ngamia, au kutoka nchi yenye MERS (ugonjwa wa virusi wa njia ya hewa, ambao ngamia huweza kumwambukiza mtu), vaa barakoa kabla hujaingia hospitalini na umwambie mhudumu wa kwanza unayemkuta. Usikae kwanza kwenye benchi katikati ya wagonjwa wengine. Korea Kusini, mwaka 2015, msafiri mmoja alizunguka vituo kadhaa vya afya kabla ugonjwa wake haujatambuliwa. Mlipuko ule ulifikisha wagonjwa 186, wakafa 38, na wengi waliambukizwa humo humo hospitalini. Inaumiza sana, kwani angetengwa mapema wengi wasingeambukizwa. Na maziwa ya ngamia, tafadhali, yachemshe.