Unataka kujifunza kompyuta na kuprogramu bure? Anza na daftari la madeni

Nikikaa na vijana hapa mtaani lazima mmoja aulize, kaka mi nataka kujifunza kuprogramu nianzie wapi, ukimuuliza ushafanya nini anakwambia ameshusha video GB 10 na hajaandika hata laini moja. Tafuta kwanza kazi yako mwenyewe, kitu kinachokuumiza kichwa kila siku, hivi vifaa vya bure uvitumie kwa hiyo kazi. Mi yangu ilikuwa daftari la madeni la duka kwahiyo nitaelekeza kwa hilo, we weka la kwako, michango ya kikoba, mayai ya kuku, chochote kile.

Laptopu usiiwaze saivi. Simu ya Android inatosha kuanzia. Fungua akaunti ya Gmail kama huna (paswedi iandike mahali jamani, watu wanapoteza kila kitu hapo) halafu shusha apu ya Google Sheets, ni kama daftari la viboksi linalopiga hesabu lenyewe. Tengeneza shiti mpya, safu ya A jina, B tarehe, C kiasi. Ukibonyeza vile vidoti vitatu utaona sehemu ya kuruhusu faili itumike bila mtandao, iwashe, bando likikata unaendelea kuandika tu, likirudi vitu vinapanda vyenyewe.

Jaza madeni kama 30 hivi kuanzia mstari wa pili, halafu chini yake andika =SUM(C2:C31), yaani jumlisha kuanzia C2 mpaka C31. Mi mara ya kwanza nilipata sifuri. Sifuri! Nikajua simu imekufa. Kumbe nilikuwa naandika vilevile kama kwenye daftari, 5,000/=, na Sheets ikiona hiyo /= inachukulia ni maneno tu kwahiyo haijumlishi, na haikwambii kitu. Dalili yake ni hii, namba inakaa kulia mwa kiboksi, maneno yanakaa kushoto, ukiona hela zako zimeegemea kushoto ujue hazihesabiki. Futa /= uache namba tupu. Ikikubali jaribu =SUMIF(A2:A31,"mama ntilie",C2:C31) uone yeye peke yake anadaiwa jumla ngapi, na hapo jina liwe limeandikwa sawasawa kila mahali, ukiandika "mama ntilie" huku na "mama nitilie" kule hao ni watu wawili. Kaa na hiyo shiti wiki mbili kabla hujaenda popote.

Ukipata kompyuta, LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Word na Excel. Kuchapa bila kuangalia kibodi nenda keybr.com, dakika 15 kwa siku, basi. Mi niliwahi kulipa laki na nusu kwenye chuo kimoja cha mtaani tukakaa wiki nzima tunakariri kirefu cha CPU, kompyuta yenyewe imefunikwa kitambaa.

Haya, kodi sasa. Sio ya nyumba wala ya TRA, ni yale maandishi ya kuipa kompyuta amri. Anza na Python, ni lugha mojawapo ya kuandikia kodi. Kama una bando fungua Google Colab kwenye brauza, huinstoli chochote maana inaendeshwa kwenye kompyuta za Google huko, kama bando ni la kubahatisha weka Pydroid 3 kwenye simu, hiyo inapiga kazi bila mtandao. Andika hivi, kwa vidole vyako, usikopi:

zamani = input("Deni la zamani: ")
jipya = input("Deni jipya: ")
print(zamani + jipya)

Endesha, ingiza 5000 halafu 2000. Itakupa 50002000, yaani mama wa watu anadaiwa milioni hamsini kwa ajili ya unga na mafuta ya kupima. Ni ugonjwa uleule wa kwenye Sheets, kinachoingia kwa input Python inakiona ni maneno, na maneno ukiyajumlisha yanaungana tu. Badilisha zile laini mbili za juu, hiyo int inageuza maneno kuwa namba:

zamani = int(input("Deni la zamani: "))
jipya = int(input("Deni jipya: "))

Hapo inakuja 7000. Sasa kwa makusudi ingiza 5,000 na koma yake. Utamwagiwa erori ndefu, wengi hapa ndo wanafunga simu. Soma laini ya mwisho tu: ValueError: invalid literal for int() with base 10: '5,000'. Unaona imekuonyesha mpaka kile ulichoingiza? Koma ndo mchawi. Kama mkono ushazoea koma iambie iifute yenyewe:

zamani = int(input("Deni la zamani: ").replace(",", ""))

Ukikwama kwingine kopi hiyo laini ya mwisho upesti Google, mara nyingi kuna mtu alishakwama hapohapo kabla yako.

Baada ya hapo nenda freeCodeCamp, tovuti ya kujifunzia kodi, ipo toka 2014, mazoezi unaandika humohumo kwenye brauza na cheti hulipii. Kuna na CS50, kozi ya kompyuta ya chuo cha Harvard, mwalimu wake David Malan, ile ni ngumu aisee, wiki inaweza kuisha upo kwenye zoezi moja, ila anafundisha mpaka unafurahi. Cheti cha kupitia edX (tovuti ya kozi) unalipia, cha CS50 wenyewe ukimaliza kazi zote ni bure. Kiingereza chake usikiogope, video unaweza kuirudisha nyuma hata mara tano. Mtoto wa darasa la nne mpe Scratch ya chuo cha MIT, anaprogramu kwa kupanga vibloku, ina Kiswahili kwenye orodha ya lugha.

Ila usizifungue zote siku moja. Kwanza ongeza kitu kimoja kwenye ile kodi ya deni, mteja akilipa ipunguze. Ukiona jibu limetoka na alama ya kutoa mbele, kalipa zaidi huyo, mrudishie chenji yake.